Saidi, Dishi Nililigusa Mimi

Mpendwa mdogo wangu Saidi,

Amani ya Mwenyezi Mungu ikufikie huko Bukavu, na rehema Zake zikutangulie kila unapoweka mguu. Baada ya salamu, nauliza hali. Kifua chako kinaendeleaje? Bado kinakukwaruza asubuhi, au hewa ya huko imekipenda kuliko ya kwetu? Unalala wapi, na nani anakupikia? Mtu mmoja aliyeshuka kwenye meli juma lililopita aliniambia amekuona bandarini unapakua mifuko ya saruji. Akasema alikuomba umtazamie redio yake, nawe ukamjibu, "Mi si fundi." Tangu nilisikie neno hilo situlii. Nakaa, nasimama. Namimina chai inafurika kikombe, wateja wananitazama usoni.

Sisi hapa Gisenyi tu wazima, Mungu asifiwe. Barua hii nimeianza mara nne. Tatu nimezichana, kwa sababu nilikuwa najaza salamu mpaka chini ya karatasi ili nisifike kwenye jambo lenyewe. Basi nilifikie sasa, kabla mkono haujaogopa tena. Dishi nililigusa mimi. Siku ile uliniuliza mbele ya watu wote, nikaapa kwamba sijaligusa, nikaaminiwa. Wewe ukaapa kwamba ulikuwa umeiona picha, ukachekwa. Aliyesema kweli ni wewe. Mwezi wa kufunga unakaribia, na sioni nitaufungaje na mzigo huu kifuani, huku wewe unajiita si fundi kwa kosa la mikono yangu.

Nimeiacha barua wazi, sikuitia gundi. Jirani yetu Mama Odeta ndiye ataivusha mpaka Goma na kumkabidhi mtu wa meli. Wakitaka kuisoma njiani, waisome. Mwishoni utajua kwa nini.

Unakumbuka siku tuliyolileta lile gari? Yule mzungu mrefu wa mabomba, aliyekuwa akiwatafutia wakimbizi maji ng'ambo, alikuwa akiishi ndani yake kule kando ya ziwa. Alilala humo, akapika humo, akafua humo, kama konokono na nyumba yake. Ulimtengenezea redio bila kumwomba kitu, na alipoitwa kwao akakuachia gari zima pamoja na karatasi yake, maana injini ilikuwa imekufa na hakuna aliyelitaka. Mlilivuta kwa kamba, wanaume wa mtaa mzima, mpaka hapa petu Nengo. Mama Odeta alisimama njiani na kikapu chake kichwani akasema, "Saidi, wengine wanaoa bibi, we umeoa nyumba ya magurudumu. Siku ikikukasirikia itarudi kwao." Ulicheka mpaka ukaachia kamba, gari likarudi nyuma, likakanyaga kabichi za watu.

Halafu tukafungua makabati, mimi na wewe, kama watoto. Vijiko vidogo vya kutosha mwanasesere. Meza inayogeuka kitanda. Choo kimejificha nyuma ya mlango, ukakaa juu yake na suruali yako ukaniambia mimi dada yako, "Yaya, niletee gazeti." Mimi nikaona jiko na dirisha la kuuzia chai, nikasema hapa ndipo riziki yangu. Wewe ukapiga magoti ukachungulia chini ya kiti, ukavuta kitu kimefungwa kwa taulo. Ilikuwa dekoda. Ukavuta tena: televisheni ndogo, telekomandi isiyo na betri, mzingo wa waya mweusi. Na juu ya paa lilikuwepo dishi, parabole kama mnavyosema nyinyi mafundi, limelazwa kifudifudi kama sufuria iliyooshwa.

Nikakwambia tuvitupe hivyo vitu, nafasi ni ndogo, nataka pa kuweka makaa. Ukanijibu taratibu, "Yaya, hivi vyote iko vizima. Vimekosa tu mutu wa kuvionyesha njia."

Nilipaswa kukusikiliza. Wewe hukuwa mtu wa maneno mengi. Mama alipofariki nilikubeba mgongoni mpaka mgongo ukazoea, na hata ukiwa mdogo ulikuwa unanyamaza kwanza, halafu unatengeneza. Kipaza sauti cha msikiti kilipokwama katikati ya adhana, watu wazima wakaanza kujadiliana, wewe ukavua kandambili ukakipiga mara moja ubavuni, adhana ikaendelea. Sheikh akataka kukukemea, akashindwa, akacheka. Nilijivuna siku ile. Nilikuwa nataka kusema huyu nimemlea mimi.

Majuma yale uliyokaa juu ya paa nayakumbuka yote. Kwanza ulilisimamisha dishi kama yanavyofungwa kwao mzungu, limetazama pembeni, kuelekea kwenye volkano, na kioo kikajaa nukta nyeupe. Chenga. Ukaligeuza kuelekea ziwani. Chenga. Wateja wangu walikuwa wanakunywa chai huku shingo zimepinda kukutazama. Ndipo ulipokutana na yule fundi mzee wa Goma, akakueleza kwamba kwao Ulaya linasimama kama sikio, lakini huku kwetu hicho chombo cha angani kiko karibu utosini, kwa hiyo lazima lilale chali. Ulirudi unakimbia. Ukalilaza likawa kama sinia linalosubiri pilau.

Na hapo, mdogo wangu, ndipo kosa langu lilipoanza.

Mvua ya kwetu unaijua. Inanyesha usiku, asubuhi dishi limejaa. Bomba letu unalijua pia, siku mbili linatoa maji, siku tatu linatoa upepo. Alfajiri moja niliamka kutawadha, madumu yote matupu. Wewe ulikuwa umeshakwenda msikitini. Nikatazama juu, nikaona maji yametulia kwenye dishi, safi, ya mvua, hayajaguswa na mtu wala mnyama. Nikasema, Mungu ameniwekea udhu juu ya paa. Nikapanda ngazi ile ya nyuma na ndoo, nikaliinamisha dishi upande wangu, likakubali bila ubishi kwa sababu kiungo chake kilikuwa kimelegea, maji yakashuka. Kisha nikalirudisha kama lilivyokuwa. Kwa macho yangu lilikuwa vile vile.

Saidi, maji yale yalikuwa baridi na matamu. Niliswali sala nzuri. Kesho yake nikapanda tena. Ikawa desturi yangu, kila mvua ikinyesha napanda, na sikuona haja ya kukuambia. Mtu hatangazi alikopata maji ya udhu. Wewe mchana unatafuta kwa subira, unasogeza unywele kwa unywele, na mimi alfajiri navuruga, halafu naingia ndani kukuombea dua ufanikiwe. Fikiria hilo. Nilikuombea kila siku, mikono haijakauka maji ya dishi lako.

Siku moja kabla ya ile mechi uliyoualikia mtaa mzima ulikuja mbio, nilikuwa nakanda unga. "Yaya, nimeiona. Picha safi kabisa, mutu anasoma habari, hata meno yake naona." Nikakwambia nimalize mandazi kwanza nije. Nilipokuja umeme ulikuwa umekatika. Ukachora alama nyekundu kwenye nguzo ya dishi, ukanitazama machoni. "Sasa, Yaya, mutu yeyote asiguse parabole. Maji ikijaa nitayatoa mi mwenyewe na kitambaa." Nikasema sawa.

Mvua ikanyesha. Alfajiri madumu matupu. Nilisimama chini ya ngazi, nakumbuka nilisimama kidogo, nikajiambia sitagusa dishi, nitachukua maji tu. Ni hivyo nilivyojiambia. Nikapanda.

Ya jioni ile unayajua, lakini niyaandike ili anayesoma njiani ajue na yeye. Mtaa mzima ulikuja. Mabenchi tuliazima parokiani kwa kina Mama Odeta, waya wa umeme ukatoka nyumbani kwake, mzee wa kinyozi akavaa koti la harusi. Ukaiweka televisheni mlangoni mwa gari, ukaiwasha. Chenga. Ukapanda juu, ukashuka, ukapanda. Chenga, na sauti ya mafuta kwenye kikaango. Wakaanza.

"Bon, mpira iko inachezwa kwenye mvua ya mawe."

"Hapana, ni theluji ya Ulaya. Fundi Chenga ametuletea baridi."

"Saidi, fungua hiyo sanduku nyuma, pengine wachezaji wamekwama ndani."

Ukawaambia, "Wallahi jana niliiona, mutu anasoma habari." Mzee wa kinyozi akauliza, "Uliona macho ikiwa wazi ama ikiwa imefungwa?" Watu wakalala kwa kicheko. Na mimi, Saidi, mimi dada yako nikasema, kwa sauti ya kupoza mambo, "Labda ulisinzia, mdogo wangu. Ulikuwa umechoka." Nilidhani nakuokoa. Uligeuka ukanitazama kutoka juu ya paa, ukauliza, "Yaya, uligusa hii kitu?" Nikasema, "Wallahi sijaligusa." Likatoka jepesi kama pumzi. Wote wakanyamaza, maana Mwajuma haapi ovyo. Kimya kile ndicho kilichokuhukumu.

Siku ya tatu ukapanda meli. Uliacha bisibisi zako zote kwenye kabati la vijiko. Mimi nikasema utarudi Ijumaa, nikakuwekea chakula Ijumaa ile, na iliyofuata.

Mpaka juzi nilikuwa bado najihesabia haki. Nilijiambia, nilichukua maji, sikugusa dishi. Nilikuwa nimelificha jambo hilo hata kwangu mwenyewe. Ndipo akaja bwana mmoja mwenye hoteli kando ya ziwa, akasema anataka kununua vile vyombo vyote vilivyobaki kwenye gari, na akaleta fundi kutoka Kigali avijaribu. Nilifurahi. Nikasema hatimaye nitapata pa kuweka makaa yangu. Fundi yule akapanda, akasimama muda mrefu kabla ya kushika kitu. Akauliza, "Mama, nani alichora hii alama nyekundu?"

Nikamwambia ni mdogo wangu.

"Alisomea wapi?"

"Hajasomea. Alikuwa anatengeneza redio."

Akaligeuza dishi mpaka kwenye alama yako, inayoonyesha upande tu, si mwinamo, halafu akaliinua kwa upana wa kidole changu hiki cha mwisho. Kidole kimoja, Saidi. Akaniambia niangalie televisheni. Kulikuwa na mwanamke wa Kiarabu anasoma habari, kitambaa cha bluu kichwani, meno yake nayaona. Nilishika mlango wa gari.

Fundi akashuka anajifuta mikono. "Aliyechora alama anajua kazi kuliko mimi. Lakini kuna mutu amekuwa akiliinamisha hili dishi. Angalia kiungo, kimelika. Hapa chini ukikosa kidole kimoja, kule juu umekosa nchi nzima." Akaniuliza kama kulikuwa na watoto wanaolichezea.

Nikamwambia, "Hapana. Kulikuwa na mimi."

Sikulala. Kulipokucha nilikwenda kwa sheikh, nikamweleza yote, na kiapo. Nilitaka aniambie nifunge siku kadhaa, au nilishe maskini, nimalize. Alisikiliza, akaniambia, "Toba ya kiapo utamwomba Mungu, na kafara utatoa. Lakini jina la mtu umelivunja mbele ya watu. Hilo Mungu hatakusamehe kwa niaba yake. Mpelekee mwenyewe." Nikamwuliza kama inatosha nikuandikie kwa siri. Akaniuliza, "Ulimvunjia sirini?"

Nilirudi njia nzima naongea peke yangu. Nilipofika nikamweleza Mama Odeta kwanza, ili nijizoeze. Alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Cyanzarwe na maharagwe yake, akaweka kikapu chini polepole. "Donc," akasema, "kwa hiyo sisi wote tulikaa pale kwenye mabenchi ya padri kungoja mpira, na kumbe we ulishanawa nayo miguu asubuhi." Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akasema, "Yule kijana tulimuita Fundi Chenga. Mi pia nilimuita." Alinywa chai yake, akaondoka bila kuniaga, na jioni akarudi kuniuliza barua iko wapi.

Bwana wa hoteli naye alirudi jana kuchukua vitu vyake. Nikamwambia si vyangu, siviuzi.

"Mama, tulikubaliana."

"Nilikubali kitu kisicho changu. Mwenyewe ni mdogo wangu."

"Huyo mdogo wako si alikimbia?"

"Hakukimbia," nikamwambia. "Tulimfukuza."

Alikasirika, akaondoka, na sijui kama nilifanya vizuri, kwa sababu gari linavuja upande wa kitanda na wasiwasi wangu ni kwamba maji yatafika kwenye dekoda yako. Nimeifunga kwa nailoni mara mbili, nikaiweka juu ya kabati. Kisha nikaona juu kuna joto la jiko, nikaishusha. Kisha nikairudisha. Usiku wa kuamkia leo mvua ilinyesha sana, na madumu yalikuwa matupu tena, kama vile najaribiwa. Nilitoka alfajiri nikasimama chini ya ngazi, maji yananong'ona kule juu. Nikachukua dumu nikateremka mpaka ziwani, gizani, na magoti yangu haya. Nilichelewa sala kidogo. Mungu ananijua.

Saidi, sikuombi urudi kwa sababu ya televisheni. Mpira na usichezwe. Nakuomba ujue, kabla ya kubeba mfuko mwingine wa saruji, kwamba siku ile ulikuwa umeipata. Macho yako yaliona. Mikono yako haikukosea hata kidogo. Aliyekosea ni mtu uliyemwamini kuliko wote, na ndiyo maana ulikubali kushindwa. Najua kama ningekuwa mwingine ungebishana nami mpaka asubuhi. Ulinyamaza kwa kuniheshimu. Heshima ile inaniuma kuliko kicheko chao.

Nakala ya barua hii, neno kwa neno, nimeiandika kwa herufi kubwa. Kesho baada ya sala ya alfajiri nitaibandika kwenye mlango wa gari, pale pale ilipokaa televisheni, kabla ya kufungua dirisha la chai. Wale wale wataisoma. Mzee wa kinyozi haoni vizuri karibu, nitamsomea mimi mwenyewe. Watacheka, na safari hii wacheke wanapostahili. Nitakuwa ndani, namimina.

Nisamehe, mdogo wangu. Sina neno lingine lenye urefu wa kutosha. Kama umenisamehe, niandikie. Kama bado, niandikie pia, uniambie bado, nijue pa kuanzia. Mama Odeta anavuka kila siku isipokuwa Jumapili, na mtu wa meli amesema atakungoja bandarini mpaka uandike. Usikae nayo. Jibu upesi.

Ni mimi yaya wako aliyekubeba,
Mwajuma